Levye ya Mukono wa Kushoto

Amisi, mutoto wa mutoto wangu, uliyebaki peke yako kwenye mukeka wangu,

Umevuka mto kwenda Alunguli kuaga wenzako, na mimi nimefunga mulango kwa komeo. Nikisikia kikohozi chako uani nitaificha hii karatasi chini ya mukeka na kujifanya nachambua muchele. Naandika kwa herufi zetu za Kiarabu, za kuanzia kuume, zile baba yangu alikuwa akiwafundisha kaka zangu barazani na mimi nikiziiba kutoka nyuma ya ukuta wa matete. Shule sikuikanyaga hata kwa bahati mbaya. Kama neno limepinda, linyooshe mwenyewe. Kama limefutika, ni jasho, si machozi, usijidanganye.

Sitakuambia uchemshe maji wala ulalie sanduku lako ndani ya treni. Shangazi yako Zubeda amekuambia hayo tangu juzi mpaka umeanza kumkimbia. Kwanga ya muhogo amefunga, samaki wa Lokandu amekausha, blanketi iko. Mimi nataka kitu kimoja, na ninakisema hapa juu kusudi usikitafute huko chini. Nataka urudi.

Usicheke. Najua utasema, "Koko, ninaenda Likasi, siendi kaburini." Baba yako naye alikuwa anaenda Lubumbashi tu. Ulikuwa mudogo, ulisimama pembeni ya sanduku lake ukinyonya muwa, na aliposema "Narudi upesi" ulimwamini, mimi pia nilimwamini. Kesho unapanda treni ileile, kwa sababu ileile, na juzi ulipoeleza safari yako ulisema, "Koko, nitaleta piesi ya gari na baba pamoja." Nilisikia. Piesi ilitangulia, baba akafuata. 

Basi weka masikio. Nitakuambia habari ya hiyo gari toka mwanzo, maana wewe umeijua ikiwa nyumba ya kuku.

Ilitoka upande wa Kigoma. Mugriki mmoja mwenye duka la vitambaa na chumvi aliinunua kwa Muhindi, ikavushwa ziwa, ikapandishwa treni mpaka hapa Kindu. Kule ilikotoka shofere anakaa kuume. Hapa kwetu shofere anakaa kushoto. Siku ya kwanza babu yako Salumu, mume wangu, aliyekuwa shofere wa yule Mugriki, alipopita nayo karibu na soko, wanawake waliacha samaki wao wakasimama. Mahali pa shofere hapakuwa na muntu.

"Salumu! Gari yako inaendeshwa na majini?"

"Inaendeshwa na mke wangu," akajibu, na siku iliyofuata akanipandisha kweli, akaniweka kushoto, mahali ambapo gari zote za muji huu zina volan ya kuongozea. Nilikaa hapo na kitenge changu kipya, mikono juu ya mapaja, na kila tulipopita vijana walipiga saluti: "Bonjour, shofere! Angalia mbele, shofere!" Nilikuwa nikigeuza uso kwa aibu. Leo ningetoa meno yote niliyobaki nayo ili nipigiwe saluti ile mara moja tena.

Kisha ikaja miaka ile serikali ilipochukua maduka ya wageni na kuyagawia wenyeji. Mugriki aliondoka na sanduku moja. Duka akapewa sitwayen mmoja, ndivyo tulivyoitana miaka ile, mwenye tumbo na koti mpya ya abakosi. Akaja kuchukua gari pia. Akafungua mulango wa kushoto, akaketi, akanyoosha mikono miwili mbele sawa muntu anayetaka kubeba mutoto, akakamata hewa.

"Volan iko wapi?"

Babu yako alikuwa ameinama kwenye dirisha la upande mwingine. "Iko huku, sitwayen. Umekaa kwa madame."

Watu waliangua kicheko mpaka yule bwana akatoka, shati imemganda mgongoni. "Sitaki gari ya kinyume! Chukua mwenyewe na uchawi wake!" Hivyo njo ilivyopata jina, Kinyume, na hivyo njo ilivyokuja kulala kwetu.

Sasa sikiliza kuhusu levye, maana hapo njo penye kisa. Levye ya vitesi ya Kinyume, ile ya kubadilisha mwendo, haitoki sakafuni sawa ya malori. Inatoka kwenye shingo ya volan, fimbo ndefu yenye kichwa cheupe mithili ya yai. Gari za hapa zenye levye shingoni, fimbo inatokea kuume, shofere anabadilisha vitesi kwa mukono wa kuume. Kwa Kinyume ilikuwa mbalimbali na zote. Kuume anashika volan, kushoto anabadilisha vitesi. Ndani ya ile shingo, chini kabisa, kuna chuma kidogo chenye vidole viwili kinachosukuma fito za vitesi. Unakijua, umekigeuza mikononi mwako tangu utoto. Njo hicho kilichovunjika kidole kimoja.

Na baba yako Ramazani, mutoto wangu wa kwanza, alizaliwa muntu wa kushoto.

Nilimuona angali kwenye titi. Kila kitu alikikamata kwa mukono ule. Kijiko kushoto, jiwe kushoto, na akisalimia wazee ananyoosha kushoto. Watu wetu hawana mchezo na jambo hilo. Mukono wa kushoto una kazi yake, na kazi hiyo haifanywi mbele za watu. Mama mkwe wangu alinitazama siku moja mutoto akipokea tende kwa kushoto, akasema, "Wewe umezaa au umeokota?" Basi nikachana kipande cha kitenge, na kila tulipokaa kula nilimfunga ule mukono nyuma, kwenye kiuno. Alikula akilia. Wali ulimwagika. Nilimwambia, "Utanishukuru." Sikiliza neno hilo, Amisi. Nimelisema mara nyingi kwa watoto wangu na hakuna aliyerudi kunishukuru.

Akajifunza. Mbele yangu alikuwa wa kuume. Nikigeuka, najua, alikuwa wa kushoto.

Mahali pamoja tu hakujificha. Babu yako alikuwa akimpakata mbele ya volan, wanakwenda polepole mpaka stasio ya treni, na mutoto njo anabadilisha vitesi. Kwa kushoto, bila shaka, hakuna namna nyingine. Alikuwa haangalii hata fimbo. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, laini, sawa muntu anayekoroga uji. Salumu akanigeukia na uso wote unacheka: "Mama Ramazani, unaona? Gari hii ilitengenezwa kwa ajili ya mutoto huyu!"

Nikamjibu, "Nyamaza, usimtie mikosi."

Akanyamaza. Muntu mwenye furaha namna ile, nikamnyamazisha.

Levye ilivunjika juu ya kivuko. Tulikuwa tunatoka Kailo na muchele, Kinyume imepanda kivuko vizuri, na tulipofika ukingo huu wa kwetu ilibidi ishuke kinyumenyume. Salumu akavuta fimbo, ikasema ta! ikalegea mikononi mwake sawa shingo ya kuku aliyechinjwa. Wapakuaji waliisukuma kwa mabega wakiimba nyimbo za kututukana. Tuliisukuma mpaka hapa uani, na Salumu akafa kabla haijatoka tena. Kabla ya kufa alimwambia baba yako, "Usiiuze. Irudishe barabarani." Maneno ya muntu anayekufa ni mazito, na vijana hawana mgongo wa kuyabeba. Ningemwambia, "Mwache mutoto apumzike." Sikusema. Nilikuwa nataka na mimi ile saluti.

Baba yako alianza, na Fundi Asumani wa garaji ya karibu na reli akimsaidia kwa urafiki tu. Kila kitu walikipata au wakakibuni. Breki za lori wakazipunguza. Viti nikavishona mimi kwa gunia na sufi. Taa moja ilitoka kwenye pikipiki, ndiyo maana Kinyume ilionekana sawa muntu anayekonyeza. Injini iliwaka siku moja mchana, kuku wakapanda juu ya manjanja ya paa la nyumba, na Ramazani akalala chini kwenye vumbi akicheka peke yake. Kilichobaki ni kile chuma cha vidole viwili. Wakakiunga kwa moto, kikavunjika. Wakachonga kingine kwa chuma cha reli, kikashika kidogo, kikasagika. Asumani akasema, "Ramazani, hapa tumefika mwisho wa akili yetu. Tafuta chenyewe."

Kulikuwa na makinisti, mwendeshaji wa treni, mupangaji wa jirani, anayekwenda Lubumbashi na kurudi. Tulimpa mfano wa piesi uliochorwa na mukaa juu ya karatoni. Akaenda, akarudi bila kitu, lakini na swali. Baba yako alikuwa amekwenda Kailo kutafuta mataili, akanikuta mimi.

"Mama, nimepata muuzaji. Ana vyuma vya gari za zamani mlima muzima. Lakini anauliza: levye ya mukono gani?"

"Namna gani, mukono gani?"

"Anasema ziko mbili, zinafanana sawa mapacha. Moja ya kuume, moja ya kushoto. Mchoro wenu hauonyeshi. Nichukue ya mukono gani?"

Angalia sasa, Amisi. Nilijua. Nilikaa ndani ya gari ile miaka, nimemuona Salumu akibadilisha vitesi kwa kushoto, nimemuona mutoto wangu. Lakini muntu mugeni amesimama kwenye baraza langu, watu wanapita, na ananiuliza, mimi, binti wa mwalimu wa Kurani, mukono gani. Neno "kushoto" likakataa kutoka. Nikaona haya kuagiza kitu cha kushoto kwa kinywa changu. Tena nikajidanganya na hesabu ya wajinga: shofere wa Kinyume si anakaa kuume? Basi ni gari ya kuume. Nikanyanyua kichwa.

"Ya kuume, baba. Sisi si watu wa kushoto."

Makinisti akacheka, akasema, "Sawa, mama." Na aliporudi tena alikuja nayo, imefungwa ndani ya gazeti, ina mafuta, inang'aa. Ramazani alinibeba juu, mimi na uzito wangu wote, akanizungusha uani.

Waliifunga asubuhi ya salongo. Unakumbuka salongo ya Jumamosi, barabara nzima imetoka na majembe na mafagio, wakubwa wa mtaa wamesimama kivulini kuhesabu nani hakuja. Baba yako alitaka waone wote. Piesi iliingia vizuri, bila nyundo, bila tusi. Asumani alikwaruza kichwa, akasema vidole vyake vimetazama upande asioujua, lakini imeingia, na muntu aliyengoja kwa miaka hasikii neno "lakini". Ramazani akaketi kuume, mimi nikaketi kushoto na kitenge kilekile cha zamani. Kijana mmoja akapiga saluti na jembe: "Bonjour, shofere!"

Ramazani akatia ya kwanza.

Kinyume ikarudi nyuma. Haikurudi kidogo. Kila alichosukuma kule juu kilivuta kule chini, na yeye alipoona inarudi akaongeza moto akidhani itashika, ikapasua ukuta wa matete wa jirani yetu Mama Fatu, ikaingia jikoni kwake, ikasimama juu ya mafiga. Sufuria ya sombe ikamwagika chini ya matako ya gari.

Kisha Mama Fatu, mwiko mkononi: "Ramazani mwanangu, kama ulitaka sombe si ungeniletea sahani!"

Barabara nzima ililala chini kwa kicheko. Wakubwa wa mtaa waliweka miwani chini. Mama Fatu mwenyewe alicheka mpaka akaegemea gari. Hakukuwa na ubaya, Amisi. Ilikuwa kicheko cha watu wanaokupenda, wangejenga jiko lile jioni ileile, na kweli walilijenga. Ningecheka na mimi, yote yangeisha pale.

Mimi nilitoka kwenye gari na nikamuona mutoto wangu bado ameshika ile fimbo kwa mukono wa kushoto. Nikapiga kelele watu wote wasikie.

"Ni huo mukono wako! Huo mukono wa laana njo umeharibu! Ondoka mbele yangu, na usirudi hapa bila piesi ya kweli!"

Wewe ulikuwepo. Ulikuwa juu ya mabega ya Zubeda. Unakumbuka mimi nikipiga kelele, uliniambia mara moja ukiwa na homa. Kwa hiyo sikufungulii siri yoyote, kila jirani anajua. Ninakueleza tu kile majirani hawakukiona, kwa sababu walikuwa wananiangalia mimi. Ramazani aliachia levye. Akaangalia ule mukono, mbele na nyuma, sawa anaupima. Kisha akauweka nyuma ya mgongo, pale kiunoni nilipokuwa nikiufunga. Muntu mzima, mwenye ndevu na mutoto.

Treni ilipokuja akaipanda, na ile piesi mbovu ndani ya gazeti lake, kwenda kuibadilisha. Mama yako alingoja, akangoja, kisha ndugu zake wakamchukua kwao Tunda akaolewa upya, na simlaumu, alikuwa kijana. Wewe ulibaki mgongoni kwangu.

Makinisti alipita baadaye akaniambia yaliyobaki. Nilikuwa namtukania muuzaji wake. Akangoja nimalize, akasema pole pole, kwa heshima, "Mama, zote mbili zilikuwa juu ya meza. Ile ya kushoto ililala pale, kando ya mwenzake. Niliuliza vizuri. Wewe njo ulisema kuume." Nilitaka kumpiga na mchi. Nikaenda nyuma ya nyumba nikakaa ndani ya Kinyume, na tangu siku ile sijaweza kusema kwamba mukono wa Ramazani uliharibu kitu.

Nikatuma maneno. Sikutuma barua, ningempa nani? Nilituma watu. Kila anayepanda treni nilimwambia, "Ukimuona Ramazani wa Kindu, mwambie mama anasema arudi." Na wao waliniletea maneno yake. Wa kwanza alimuona Kamina: "Anasema bado hajapata ya kweli." Mwingine alimuona Kolwezi: "Anasema ameletewa nyingi, zinafanana, hazikubali. Akipata atarudi." Unaona? Alikuwa ananitii. Mutoto niliyemfunga mukono kwa kumfundisha utii, sasa nikamwambia rudi, naye anadhani ni mama anaona aibu tu, na neno la kweli ni lile la kwanza, lile la kelele. Ukimpigia muntu kelele mbele ya barabara nzima, kisha ukamnong'oneza pole kupitia midomo ya wauza dagaa, atabaki na kelele.

Wa mwisho alikuwa yule mwanamke anayeuza chumvi sokoni, na habari yake njo iliyokuwasha moto wewe. Nilikuambia nusu. Nilikuambia, "Baba yako yuko Likasi, anafanya kazi ya garaji." Nusu nyingine ni hii. Nilimuuliza, "Amekonda?" Akasema hapana. "Anaswali?" Akasema anaswali. "Anasemaje juu yetu?" Akasema hakusema mengi, alikuwa chini ya gari, vijana wanamwita Fundi Kushoto, yeye anaitika na kucheka. "Anashika ufunguo kwa kushoto, mama, mbele ya watu wote, na anaifungua nati ambayo wengine wameshindwa."

Nilikaa chini pale pale sokoni, juu ya vitunguu vya watu.

Maana nilikuwa nimejifariji kwamba haji kwa sababu ya kile chuma. Chuma kinaweza kupatikana. Lakini kama muntu amepata mahali ambapo hafungwi mukono, kwa nini arudi kwenye nyumba ya yule aliyemfunga? Hilo sina piesi yake, Amisi. Hilo halitengenezwi na Asumani. Nimeligeuza na kuligeuza, nimeamka nalo, nimelipika pamoja na wali. Macho yangu yanaona maji mahali pa watu. Kifua changu unakisikia. Watu wanasema juu yangu, yule mzee anawatupa watoto wake mmoja mmoja kufuata vyuma, na sijui kama wanasema uongo.

Nilikukatalia safari hii kwa sababu hiyo, si kwa sababu wewe ni mudogo. Nilikuficha viatu. Nilimwambia Asumani akuambie treni haziendi. Ulipojua ulinicheka, kisha ukaacha kunicheka, ukaniambia, "Koko, mimi nina baba, nataka kumuona." Hapo nikatoa viatu.

Na wewe, unafikiri sijui? Tangu umeanza kutembea ninakuona. Mbele yangu unakula kwa kuume, safi kabisa, mutoto wa watu. Uani, ukimenya muhogo, kisu kinahamia upande wa pili. Nikikohoa kinarudi. Sikukufunga kitenge, lakini kikohozi changu kilikuwa kitenge. Leo asubuhi nilikuona unafunga kamba ya sanduku kwa kushoto, ukasikia hatua zangu, ukabadilisha, na fundo likafunguka. Nilirudi ndani kwa sababu nilitaka kulia na sikutaka uone. Funga fundo lako kwa mukono unaojua kufunga. Kwa wageni na wazee wa kwetu, salimia kwa kuume, hiyo ni adabu, haiumi. Mengine yote fanya unavyoweza kuyafanya vizuri. Ningemwambia hivyo baba yako na kijiko chake cha wali, leo hii yeye njo angekuwa anakuaga wewe, na mimi ningekuwa nimelala.

Sasa, kesho asubuhi, kabla ya kwenda stasio, utafungua sanduku kuangalia kama kile chuma cha zamani cha vidole viwili, kilichovunjika, kimo, maana umekifunga ndani ya suruali yako ya bluu ukidhani sikuona. Hautakikuta. Usimtuhumu Zubeda. Ninacho mimi. Nimekirudisha ndani ya Kinyume, chini ya kiti cha kushoto, kuku mwekundu amekilalia na anadonoa.

Utakasirika. Utasema, "Koko, bila mfano nitaitafutaje?" Njo hivyo, hautaitafuta. Ukiwa nacho utasimama kwenye kila garaji. Utaonyeshwa mlima wa vyuma, utaambiwa rudi kesho, utaambiwa iko moja Kipushi, iko moja mpakani, na kila moja itakuwa karibu sana kufanana. Baba yako aliingia kwenye mlima huo na kipande mkononi. Wewe ingia bila kitu. Wakikuuliza unatafuta nini, usiseme levye. Sema unatafuta muntu. Na wakikuuliza, kama yule makinisti alivyoniuliza mimi, wa mukono gani, usione haya, usitazame chini, sema kwa sauti mahali pangu: wa kushoto.

Ukimuona, usimwambie mama amesamehe. Hakuna alichonikosea. Mpe barua hii, herufi hizi anazijua, nilimfundisha kabla yako. Mwambie Kinyume haihitaji kwenda popote, imekuwa nyumba nzuri ya kuku. Mwambie jiko la Mama Fatu lilijengwa siku ileile, na Mama Fatu bado anamuwekea sahani ya sombe kwa mzaha kila salongo, na siku hizi hakuna anayecheka. Kama ana mke kule, aje naye. Kama ana watoto, aje nao, na nikimuona mmoja anapokea tende kwa kushoto nitamuongezea ya pili.

Na kama hataki, Amisi, kama anasema amezoea huko, usibishane naye. Kula naye mara moja, angalia anavyokula, kisha urudi unieleze. Lakini urudi. Nilimwambia yeye asirudi bila kitu, na akanisikia. Wewe nakuambia kinyume chake, na ukinipenda utanisikia vilevile.

Komeo linatikisika, umefika, unaniita. Ngoja.

Rudini mikono mitupu. Yote minne.

Koko yako